Kupunguza Sukari Katika Mlo wa Kila Siku: Suala la Afya, Mila na Lugha

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Methali hii hutumiwa aghalabu kuonya juu ya tamaa, lakini hata maana yake ya juu ina ukweli wa kutosha. Ulimi uliozoea utamu huurudia, na kadiri unavyourudia ndivyo unavyodai zaidi. Katika familia nyingi nchini Kenya, siku huanza kwa chai ya maziwa iliyotiwa sukari ikiwa bado jikoni. Saa nne huja chai nyingine pamoja na mandazi, jioni huja kikombe cha tatu, na penye mgeni au sherehe huja soda. Hakuna hata kimojawapo cha vinywaji hivi kinachoweza kuitwa adui wa mtu. Madhara hutokana na jumla, nayo jumla hiyo ni nadra kuhesabiwa.

Makala haya yanalenga kufafanua mambo matatu. Kwanza, yataeleza sukari hufanya nini mwilini na ni kiasi gani kinachopendekezwa. Pili, yataonyesha jinsi lugha na mila zinavyochangia namna watu wanavyoielewa sukari, kwa manufaa au kwa hasara yao. Tatu, yatapendekeza njia za kuipunguza pasipo kuvunja ukarimu ambao ni sehemu ya utu wa jamii. Ikumbukwe kwamba kupunguza si sawa na kukataza. Anayeambiwa kwamba sukari ni sumu hushangaa kuona majirani wakiinywa na kuendelea kuishi, kisha hupuuza onyo lote.

Kutoka Kitu Adimu Hadi Kitu cha Kila Siku

Neno "sukari" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambamo huitwa "sukkar". Waarabu nao walilipata kupitia Kiajemi, na asili yake ya mbali ni neno la Kisanskriti lenye maana ya changarawe. Maana hiyo si ya kubahatisha, kwani ni huko Bara Hindi ambako watu walijifunza zamani sana kuichemsha maji ya miwa hadi ikabaki chenga ngumu zinazoweza kusafirishwa. Neno "guru" katika "sukari guru" pia lina uhusiano na lugha za huko. Kwa hiyo, safari ya neno inafuata safari ya bidhaa yenyewe kuvuka Bahari ya Hindi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, miwa ililimwa katika mashamba makubwa ya bonde la Pangani katika karne ya 19. Nchini Kenya, viwanda vya sukari vilianza kujengwa katika miaka ya 1920, mathalan kile cha Miwani karibu na Kisumu na kile cha Ramisi huko pwani. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kitu kilichokuwa cha karamu, cha mgonjwa au cha mgeni wa heshima kiligeuka kuwa cha kila siku katika muda wa vizazi vichache tu. Mazoea ya ukarimu yalibaki yale yale, ilhali kiasi kilibadilika.

Sukari Ndani ya Mwili

Sukari ya mezani imeundwa kwa sehemu mbili zilizoungana, yaani glukosi na fruktosi. Ikifika katika utumbo mdogo, sehemu hizo hutenganishwa na kuingia katika damu. Glukosi ikiongezeka katika damu, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huziwezesha chembe hai za mwili kuipokea glukosi na kuitumia kama nishati. Fruktosi kwa upande wake hushughulikiwa zaidi na ini, nayo ikizidi mno, ini huigeuza sehemu yake kuwa mafuta.

Gramu moja ya sukari hutoa takriban kilokalori 4 za nishati, lakini haina protini, vitamini, madini wala nyuzinyuzi. Zaidi ya hayo, sukari iliyomo katika kinywaji haishibishi kama chakula cha kutafuna. Mtu hunywa soda na bado akala sahani yake kamili. Nishati inayozidi mahitaji huhifadhiwa kama mafuta, na unene wa kupindukia, hasa wa tumbo, huzifanya chembe hai zisiitikie insulini ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na baada ya miaka huenda ikashindwa kukidhi mahitaji. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili kinapojitokeza. Aidha, bakteria wa kinywani huigeuza sukari kuwa asidi inayokula meno. Kwa meno, idadi ya nyakati ambazo mtu hutumia sukari kwa siku ni muhimu sawa na kiasi chenyewe.

Ushahidi wa kuvutia ulitolewa mwaka wa 2024 kutokana na historia ya Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata, serikali ya huko iligawa sukari kwa kipimo hadi Septemba 1953. Kipimo hicho kilipoondolewa, matumizi yaliongezeka karibu maradufu, kutoka takriban gramu 40 hadi gramu 80 kwa mtu kwa siku. Watafiti waliwalinganisha watu waliotungwa mimba na kuzaliwa kabla na baada ya badiliko hilo. Waligundua kwamba waliopitia maisha ya tumboni na utoto wa mapema katika kipindi cha kipimo walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu walipokuwa watu wazima. Funzo ni kwamba mazoea ya jikoni leo yanaweza kuhusu afya ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Hesabu ya Vijiko

Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu hupata kwa siku. Shirika hilo liliongeza kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kunaweza kuleta manufaa zaidi. Sukari iliyomo katika tunda zima na katika maziwa yenyewe haihesabiwi hapa. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni kilokalori 200, yaani gramu 50. Kwa kuwa kijiko cha chai kisichojazwa kilele hubeba takriban gramu 4, kiasi hicho ni kama vijiko 12. Asilimia 5 ni nusu yake, yaani vijiko 6.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 9, au gramu 36. Akiongeza soda moja ya mililita 300, ambayo kwa kawaida huwa na gramu 30 hivi au zaidi, atakuwa ameshapita gramu 60. Bado hajahesabu sukari ya mandazi, ya uji, ya biskuti wala ya mkate. Mwanafunzi huyu huenda akaapa kwamba hali vitu vitamu, na atakuwa mkweli kwa jinsi anavyolielewa neno hilo.

Jina na Dhana Potofu

Hapa ndipo suala la lugha linapozuka. Kiswahili kimeliunda jina "kisukari" kwa kufuata utaratibu unaojulikana wa majina ya magonjwa, kama vile kifaduro, kipindupindu, kichocho na kifafa. Jina ni fupi na linakumbukika kwa urahisi. Hata hivyo, jina hili, pamoja na msemo "ugonjwa wa sukari", hubeba dhana mbili zinazoweza kupotosha.

Dhana ya kwanza ni kwamba asiyetia sukari katika chai hawezi kuugua. Ukweli ni kwamba wanga wa ugali, wali, mkate mweupe na viazi nao hugeuka glukosi ndani ya mwili, na uzito, kutofanya mazoezi pamoja na urithi wa kifamilia huchangia pia. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata watoto na vijana wengi, hutokea kinga ya mwili inaposhambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto huyo hakujiletea maradhi kwa kula peremende, na mzazi wake hapaswi kulaumiwa.

Dhana ya pili ni kwamba sukari nyeupe pekee ndiyo yenye hatari, hivyo asali au sukari guru inaweza kutumiwa bila kipimo. Vyote viwili ni sukari mbele ya kongosho. Vivyo hivyo, juisi ya maembe iliyochujwa hupoteza nyuzinyuzi nyingi ambazo zingepunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Kula embe lenyewe ni bora kuliko kunywa juisi ya maembe matatu.

Kwa upande mwingine, lugha hiyo hiyo ina hazina ya kusaidia. Kivumishi "-tamu" katika Kiswahili hakifungwi na sukari. Mchuzi uliokolea chumvi huitwa mtamu, usingizi huitwa mtamu, sauti huitwa tamu, na maji yasiyo ya chumvi huitwa matamu. Utamu kwa Mswahili ni ile hali ya kitu kukolea na kupendeza. Anayeshauri jamii kwa Kiswahili anaweza kutumia upana huo na kusema kwamba chakula kinaweza kuwa kitamu kwa tangawizi, iliki, mdalasini, ndimu au ukwaju. Ushauri wa namna hiyo haumwambii mtu aache raha, bali humwonyesha raha nyingine.

Ukarimu na Kikombe cha Mgeni

Kikwazo kikubwa si ulimi peke yake, bali ni heshima. Husemwa kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na dalili ya kwanza ya kumpokea mgeni ni chai. Chai isiyo na sukari huweza kufasiriwa kama ubahili au umaskini. Mgeni naye, hata akiwa ameshauriwa na daktari, huona haya kukataa, kwa kuwa kukataa kikombe ni kama kumkataa aliyekiandaa. Hivyo mtu mzima mwenye maradhi hunywa kwa adabu kile kinachomdhuru, na katika siku ya kutembelea nyumba tatu hunywa mara tatu.

Suluhisho si kubeza desturi hii. Kinachohitajika ni kuitenga sukari na chai. Chai ikipikwa bila sukari na bakuli la sukari likawekwa mezani pamoja na kijiko, ukarimu unabaki kamili na mgeni anabaki na hiari yake. Watu wa pwani wana mfano wao wa muda mrefu. Kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo bila sukari, huku tende au kipande kidogo cha haluwa kikiliwa kando. Utamu upo, lakini uko mkononi mwa mlaji na una mpaka.

Njia za Kupunguza

Bandubandu huisha gogo. Anayetumia vijiko vitatu akipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki moja au mbili, ulimi utazoea bila vita, na baada ya muda chai ya zamani itaonekana kuwa tamu kupita kiasi. Hatua ya pili ni kuondoa soda katika orodha ya vinywaji vya kila siku na kuiacha iwe ya nadra. Maji yanatosha kukata kiu. Tatu, uji unaweza kutiwa ndizi iliyopondwa au ukwaju badala ya sukari, na watoto wakizoeshwa hivyo mapema hawatauona kuwa na kasoro. Nne, anayenunua vyakula vya pakiti asome kiasi cha sukari katika kila gramu 100, na ajue kwamba viungo vyenye majina yanayoishia kwa "-ose" kwa kawaida ni sukari kwa jina jingine.

Kuhusu vikoleza utamu visivyo sukari, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2023 likishauri visitegemewe kwa ajili ya kudhibiti uzito. Havimfundishi mtu kuzoea ladha iliyopungua utamu.

Pana tahadhari moja muhimu. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya dawa za kisukari asibadilishe mlo kwa ghafla bila kushauriana na mhudumu wa afya. Sukari ya damu yake inaweza kushuka mno, naye akatetemeka, akatokwa na jasho na kuchanganyikiwa. Ikiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji huweza kumwokoa wakati msaada wa tabibu ukitafutwa. Kitu kile kile kilichoepukwa jana huwa dawa leo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupunguza sukari si suala la daktari peke yake. Ni suala la mpishi anayeamua kinachotiwa ndani ya sufuria, la mwenyeji anayeandaa meza, na la mtaalamu wa lugha anayechagua maneno ya kuwaelimisha wengine. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ndio hutafsiri matangazo ya afya, huandika vitabu vya shule na huandaa vipindi vya redio. Wakieleza kwa usahihi kwamba kisukari hakisababishwi na kijiko peke yake, na kwamba hata hivyo kijiko kina hesabu yake, watakuwa wamemwondolea mgonjwa lawama na kumpa mwenye afya njia ya kujikinga. Mwanzo mwafaka ni katika mikutano yao wenyewe, pale birika la chai linapoletwa. Sukari na iwekwe kando, na kila mtu ajitilie.