Mota Kwanza, Bodi Baadaye: Ushauri kwa Kamati Zinazonunulia Vijana Vifaa vya Elektroniki

Vikundi vya vijana wanaojifunza elektroniki katika mkoa wetu wa Songwe vinapoandika orodha ya vifaa, kuna kifaa kimoja ambacho wajumbe wengi wa kamati hukipitisha bila kuuliza. Ni bodi ya kuendeshea mota. Ni ndogo, inaenea kiganjani, na zipo za bei nafuu. Hata hivyo, ikichaguliwa vibaya ndiyo huungua kwanza. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, hivyo bodi isiyofaa hairudishwi dukani kirahisi. Kazi ya vijana husimama, na fedha iliyochangwa inakuwa imekwisha kutumika.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuchagua bodi hiyo, ili hata mjumbe asiye fundi aweze kuuliza maswali yanayotakiwa kabla ya kuweka sahihi.

Kazi ya bodi hii

Vijana wengi huanza na kompyuta ndogo ya mafunzo iitwayo Arduino, iliyoanzishwa nchini Italia mwaka 2005. Arduino hutoa amri, lakini haina nguvu ya kuzungusha mota. Katika aina inayotumika sana, yaani Uno, kila mguu wa kutolea amri unashauriwa usitoe zaidi ya miliampia 20, na 40 ndiyo mwisho wake kabisa. Mota ndogo ya njano inayofungwa kwenye vigari vya mafunzo hutumia kiasi cha miliampia 160 inapozunguka bila mzigo kwa volti 6. Ikikwama hufika karibu 1,500. Ukiiunganisha moja kwa moja, Arduino itaharibika.

Bodi ya kuendeshea mota hukaa katikati ya hizo mbili. Hupokea amri ndogo na kuruhusu umeme mkubwa wa betri uende kwenye mota. Ndani yake mna swichi nne zilizopangwa kwa umbo la herufi H. Mbili zikiwashwa mota huenda mbele, na mbili nyingine zikiwashwa hurudi nyuma. Zikiwashwa na kuzimwa kwa haraka sana, bodi huweza kupunguza au kuongeza mwendo.

Namba inayoamua

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchagua bodi kwa bei au kwa umaarufu. Kitu cha kwanza kujua ni ampia ambazo mota hutumia inapokwama, kwa maana gurudumu likigonga jiwe mota hukwama. Hata inapoanza tu kuzunguka, kwa muda mfupi huvuta umeme mwingi kiasi hicho hicho.

Kwa mota ndogo, kipimo ni rahisi. Weka multimita kwenye omu, gusisha nyaya mbili za mota ikiwa haijaunganishwa na betri, zungusha mhimili wake polepole na uandike namba ndogo kuliko zote. Kisha gawanya volti za betri kwa namba hiyo. Mfano: volti 6 ukigawanya kwa omu 4 ni ampia 1.5. Kwa mota kubwa omu huwa chini ya 1, na multimita ya bei nafuu haisemi kweli. Hapo afadhali fundi umeme wa magari apime ampia zenyewe, mota ikiwa imezuiwa kwa sekunde moja tu.

Bodi nne zinazopatikana sana

L293D: hubeba ampia 0.6 kwa kila mota, na 1.2 kwa kitambo kidogo. Inafaa kwa mota ndogo sana. Mota ya njano tuliyoitaja ikikwama huizidi.

L298N: ndiyo maarufu, yenye bati kubwa la kupoozea. Hubeba hadi ampia 2 kwa kila mota, na nyaya zake hufungwa kwa skrubu, jambo linalowasaidia wanaoanza. Kasoro yake ni kwamba yenyewe hula kiasi cha volti 2 katika ampia 1, na zaidi umeme ukiongezeka. Ukitumia betri nne ndogo, jumla volti 6, mota hupata kama 4 tu na zinazobaki hugeuka joto. Kwa betri ya volti 12 hasara hiyo si kubwa.

TB6612FNG: ni ya kisasa zaidi na hupoteza umeme kidogo sana. Hubeba ampia 1.2 mfululizo na 3.2 kwa kitambo kidogo mno. Kwa vigari vinavyotumia betri ndogo tunaipendekeza kuliko L298N. Ila isipewe zaidi ya volti 13.5, na betri ya gari inapochajiwa hupita hapo. Mara nyingi pia miguu yake huhitaji kuchomelewa kwa risasi.

BTS7960: huendesha mota moja kubwa, kwa volti 5.5 hadi 27. Matangazo husema ampia 43, lakini hicho ni kikomo cha chipu, wala si mzigo wa kubeba kutwa nzima. Tunashauri kikundi kisipite ampia 10 kwa kazi ya mfululizo bila kupima joto lake.

Mota za malori

Tunduma ni mji wa malori, na mota za waipa kutoka magari mabovu huwavutia vijana kwa sababu zina nguvu na bei yake ni ndogo. Lakini malori makubwa hutumia volti 24, na betri zake zinapochajiwa hufika kama volti 28. Hapo BTS7960 imevuka kikomo chake cha 27. Njia salama ni kuiendesha mota hiyo kwa betri moja ya volti 12. Itazunguka kwa karibu nusu ya mwendo wake, na kwa kujifunzia hiyo inatosha.

Betri ya gari inaweza kuyeyusha waya na kuwasha moto. Kwa hiyo fyuzi ifungwe kwenye waya chanya, karibu na betri, na mwalimu awepo wakati wote. Mota ya waipa pia ina nguvu ya kuumiza vidole.

Pale ambapo bodi haihitajiki

Ikiwa mota inazunguka upande mmoja tu na haihitaji kubadili mwendo, kwa mfano feni ya kukaushia mahindi au kahawa, rilei moja inayolingana na ampia zake inatosha. Mota za printa za zamani zenye nyaya nne ni za aina nyingine, zinazokwenda hatua kwa hatua. Hizo hutumia bodi kama A4988, na kamwe zisichomolewe umeme ukiwa umewashwa.

Maswali kabla ya kuweka sahihi

1. Mota ni ipi, na ikikwama hutumia ampia ngapi?
2. Betri ni ya volti ngapi, na ikichajiwa hufika ngapi?
3. Je, bodi inavihimili vyote viwili, na nafasi ikabaki?
4. Je, ni lazima mota irudi nyuma au ibadili mwendo?
5. Fyuzi imo kwenye orodha? Na je, waya hasi wa betri ya mota utaunganishwa na hasi ya Arduino? Bila hivyo amri hazitafika sawasawa.

Kikundi kisichoweza kujibu swali la kwanza bado hakijawa tayari kununua. Kamati isikinyime kifaa kwa sababu hiyo. Ikipatie kwanza multimita, ambayo itawatumikia vijana kwa kazi nyingine nyingi. Wafadhili nao tunawaomba wasishangae wakiona multimita imetangulia katika bajeti, maana ndiyo inayozuia fedha yao kuungulia kwenye bodi isiyofaa.