Umenunua shamba: je, umenunua na zamu ya maji?

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tuliona jinsi ndiva inavyofanya kazi: maji ya kijito hukingwa usiku kucha bwawa likajaa, na kukipambazuka huzibuliwa yakashuka mferejini hadi kwenye mashamba ya wenye zamu. Leo tunaingia katika jambo linalomgusa kila anayefikiria kununua shamba milimani Upare, awe mkazi wa Kighare, Vudee au Bangalala, au mtoto wa huko anayefanya kazi Dar es Salaam na kutafuta kipande cha kustaafia. Shamba likiuzwa, zamu ya maji inabaki kwa nani?

Ni rahisi mnunuzi kudhani kwamba jibu liko wazi. Ameonyeshwa mfereji ukipita kando ya shamba, ameona mahindi ya muuzaji yamenawiri wakati ya majirani wasio na maji yamenyauka, akalipa bei ya shamba la maji. Vuli ikianza ndipo anapoambiwa kwamba jina lake halimo daftarini. Hapo muuzaji ameshahama, na fedha zimeshatumika. Hasara ya namna hii inazuilika, mradi mnunuzi ajue kwamba ndani ya bei moja mna vitu vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe.

Ardhi, zamu na uanachama

Kitu cha kwanza ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, mwanakijiji humiliki shamba lake kwa haki miliki ya kimila, na kulihamishia kwa mtu mwingine kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Muuzaji halali akifuata utaratibu huo, ardhi inakuwa yako.

Kitu cha pili ni zamu: saa ngapi za maji, na baada ya siku ngapi. Hapa mambo hubadilika, kwa sababu maji hayana mmiliki binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inayaweka maji ya nchi chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuyachepusha huomba kibali cha kuyatumia. Vijito vya milima ya Same vimo katika bonde la mto Pangani, kwa hiyo kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Kwa mifereji ya asili, kibali hicho kwa kawaida huandikwa kwa jina la kikundi. Mkulima mmoja hawezi kukuuzia kilichoandikwa kwa jina la wenzake wote.

Kitu cha tatu ni uanachama. Ndiva haikujichimba. Zamani nyingi zilisimamiwa na koo zilizozianzisha. Leo zina kamati, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwanachama hutoka kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzoa tope bwawani na kuziba mfereji uliobomoka, na hulipa mchango unapohitajika. Kwa kufanya hivyo hupata zamu, na pamoja nayo hupata jambo ambalo wageni hawalioni: haki ya kubadilishana. Mwenye zamu ya Jumanne akifiwa, humpa mwenzake siku hiyo naye akarudishiwa wiki inayofuata. Mwenye vitunguu vilivyokwisha kukomaa humwazima maji mwenye mahindi yanayotoa mbelewele. Mabadilishano hayo yanasimama juu ya kujuana na kuaminiana, na hufanyika baina ya wanachama tu. Aliyenunua shamba bila kupokelewa anaweza kukosa zamu. Na hata akiachiwa zamu ya muuzaji kwa hisani, hana wa kubadilishana naye siku mambo yakimwendea kombo.

Hesabu inayozitia kamati hofu

Wanunuzi huona kamati zina choyo. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ndiva ikijaa hutoa maji kwa saa nane kwa siku, na kila mwanachama ana saa mbili. Kwa siku moja watamwagilia wanne. Wakiwa wanachama 60, mzunguko mzima huchukua siku 15. Sasa tuseme wanachama 10 wamegawa mashamba yao nusu kwa nusu na kuuza kipande kimoja, na kila mnunuzi amedai zamu kamili kama ya muuzaji, huku muuzaji naye akibaki na yake. Daftari linafika majina 70, na mzunguko unakuwa siku 17 na nusu. Maji hayakuongezeka hata debe moja. Mahindi yaliyofika kwenye mbelewele hayangoji siku hizo mbili na nusu, na atakayeumia zaidi ni mjane wa mwisho mferejini, ambaye hakuuza wala kununua chochote.

Kwa hiyo kamati inaposema zamu haizaliani kwa sababu shamba limegawanywa, inalinda kitu cha kweli. Jambo la haki ni saa mbili za shamba la awali zigawanywe pamoja na shamba: nusu ya shamba, saa moja ya maji. Muuzaji anayeuza kipande na kubaki na saa zote mbili, huku akimwaminisha mnunuzi kwamba naye anazo mbili, ameuza kisichokuwapo.

Mfano wa nyumba za likizo

Kununua kitu bila kupata haki zote alizokuwa nazo muuzaji si tatizo la Upare pekee. Wasomaji walio na ndugu Uingereza, Marekani au Dubai huenda wamesikia biashara iitwayo taimushea. Watu wengi hununua haki ya kukaa katika nyumba moja ya mapumziko, kila mmoja wiki yake ya mwaka. Mtindo huo ulianza Ulaya katika miaka ya 1960. Mwaka 1974 ikaanzishwa RCI huko Indianapolis, na mwaka 1976 Interval International huko Miami, mitandao inayowawezesha wenye wiki kubadilishana: wa Hispania aende Florida, wa Florida aende Hispania. Baadaye kampuni nyingi zikaacha wiki na kuhesabu kwa pointi.

Anayenunua kwa kampuni yenyewe hulipa bei kubwa. Anayenunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka hulipa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na hapo ndipo, kama ilivyo kwa shamba, vitu vilivyo ndani ya bei moja vinapoachana. Wiki au pointi zinahama. Manufaa mengine huishia kwa muuzaji. Disney Vacation Club, kwa mfano, iliweka sharti la tarehe 19 Januari 2019: anayenunua kwa mtu pointi za hoteli zake 14 za mwanzo hawezi kuzitumia katika hoteli ya Riviera na zilizofuata, na anayenunua kwa mtu pointi za Riviera anazitumia Riviera tu. Marriott nayo ilipoanzisha mpango wa pointi mwaka 2010, wiki zilizonunuliwa kwa watu binafsi baada ya tarehe 20 Juni mwaka huo kwa kawaida hazikuruhusiwa kuingizwa katika mpango huo. Uanachama wa mtandao wa kubadilishana nao ni wa mtu: mnunuzi hufungua wa kwake na kulipa ada yake, na kama hoteli yake imejitoa katika mtandao, hana cha kubadilisha.

Wazungu waliumizwa sana na biashara hii hata sheria ikaingilia. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya Na. 122 ya mwaka 2008, yaliyoanza kutumika Februari 2011, yanataka mnunuzi apewe maelezo kwa maandishi kabla ya kusaini, apewe siku 14 za kughairi, na dalali wa kumuuzia mtu haki yake asipokee hata senti kabla ya mauzo kukamilika. Uingereza ilitunga kanuni zake kwa msingi huohuo.

Tofauti moja ni kubwa na tuishike. Kampuni ya hoteli inamfungia mnunuzi wa mkono wa pili ili watu waendelee kununua kwake kwa bei ya juu. Vyumba vipo, pointi ni zilezile, anayelindwa ni muuzaji wa kwanza. Ndiva inaweka masharti kwa sababu maji ni machache. Sharti la ndiva lina uhalali mradi libaki kulinda maji. Siku kamati itakapodai kiingilio kikubwa kuliko thamani ya kazi waliyofanya wengine, au itakapompokea mnunuzi mwenye jamaa kamatini na kumkataa asiye naye, itakuwa imegeuka ile kampuni, na haitakuwa na cha kujitetea.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi afanye haya. Amwombe muuzaji waende pamoja kwa katibu wa ndiva, daftari lifunguliwe, jina la muuzaji lionekane na saa zake zihesabiwe. Aulize kama kuna michango isiyolipwa au msaragambo usiohudhuriwa, maana deni hilo laweza kumfuata anayeomba nafasi. Aulize kama shamba lote limo katika eneo la umwagiliaji, kwa sababu mfereji kupita kando yake si ushahidi. Aulize kama kikundi kina kibali cha bodi ya bonde na kama ada imelipwa. Kisha hati ya mauzo itakayopelekwa halmashauri ya kijiji itaje zamu waziwazi: saa ngapi zinahama na ngapi zinabaki, na mwenyekiti wa ndiva awe shahidi. Sehemu ya fedha ibaki mkononi hadi jina jipya liandikwe daftarini.

Kamati nazo zina wajibu. Sheria ndogo ziandikwe na kubandikwa ofisi ya kijiji, zieleze shamba likiuzwa, likirithiwa au likigawanywa zamu inakuwaje, kiingilio ni kiasi gani, na anayekataliwa akate rufaa wapi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe liwe na nakala, lisilale nyumbani kwa mtu mmoja, kwani likipotea wanaonufaika ni wenye sauti kubwa mkutanoni.

Maji ya Upare yamedumu kwa sababu waliotutangulia walijua kila saa ni ya nani na kwa jasho gani. Soko la ardhi limekuja na halirudi nyuma. Lililo mikononi mwetu ni kuhakikisha kila shamba linalouzwa linauzwa pamoja na ukweli wa maji yake.

Wiki ijayo: binti aliyeolewa nje ya kijiji akirithi shamba la baba yake, zamu yake ikoje?