Mtoto anaumwa usiku, simu iko mkononi mwake

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Ni saa 8 ya usiku, mwezi wa 7. Hapa Likasi baridi ya kiangazi inaingia hata chini ya blanketi. Kijana wako wa miaka 15 hajalala. Ameshika magoti, anauma meno ili asilie, na mwanga wa simu uko usoni mwake. Wewe umerudi kutoka posti, umechoka. Unasema: «Zima hiyo simu, ulale!»

Ngoja kidogo. Pengine usiku huu anaandikiana na mwenzake ambaye naye hajalala kwa sababu ileile.

Tunasema juu ya watoto wa SS. Munganga anauita ugonjwa huu drepanositozi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinakuwa ngumu na kujipinda kama mundu. Zinakwama katika mishipa midogo, damu haipiti, na mfupa unalia. Baridi, kiu, malaria na uchovu mwingi vinaamsha maumivu hayo. Si uvivu, si ulozi, si hila ya kukimbia masomo. Wala usimlaumu mama peke yake: mtoto wa SS amepokea sehemu moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto wa SS. Na katika Kongo yetu, karibu mtu 1 katika 4 ni AS, naye anapiga kazi bila kujua.

Je, simu inaweza kusaidia maumivu? Huko Portland, Marekani, mwaka 2009, mwanasaikolojia Tonya Palermo na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kwa vijana 48 wenye maumivu ya muda mrefu ya kichwa, tumbo na viungo. Baadhi yao walifundishwa nyumbani kwa intaneti: kupumua polepole, kulegeza mwili, kulala vizuri, kurudia kazi za kila siku kidogo kidogo. Maumivu yao yalipungua kuliko ya wenzao, na hayakuwazuia tena kama zamani. Hawakuwa watoto wa SS. Lakini angalia jambo hili: wazazi nao walikuwa na masomo yao. Walifundishwa kutomuuliza mtoto kila saa «unaumwa?», na kumsifu kwa kile alichoweza kufanya. Somo hilo halihitaji simu hata kidogo.

Kwetu, vijana wanakutana zaidi kwa WhatsApp. Kikundi kizuri ni kile chenye munganga au muuguzi anayejulikana, ambaye unaweza kwenda kumwona kwa macho. Humo kijana anaandika mambo ambayo hawezi kumwambia baba. Kwa mfano, mvulana wa SS anaweza kupata usiku kusimama kwa uume kwenye maumivu, bila tamaa yoyote. Anaona haya, ananyamaza. Baba, mwambie mapema kwamba ni ugonjwa uleule, na kwamba ikikaribia saa 4 bila kupungua lazima awe tayari hospitalini. Akichelewa anaweza kuharibika maisha yake yote.

Lakini mtu akiuza dawa katika kikundi, mtoe mtoto humo. Tramadol ya sokoni, bila munganga, imewafunga vijana wengi. Mahali pake, muulize munganga juu ya haidroksiurea. Jaribio lililofanyika kwa watoto wa Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda, lililotoa matokeo mwaka 2019, lilionyesha kwamba inapunguza maumivu na pia vifo. Dawa hiyo inataka kupimwa damu mara kwa mara.

Nyumbani mpe maji mengi, nguo za joto, kitambaa cha moto mahali panapouma, na dawa ya maumivu kwa kipimo alichoandika munganga. Usiweke barafu. Na usiingize mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa! Wewe wa mgodi unajua gesi isiyo na harufu inavyoua. Pasha maji nje, yatie katika chupa, izungushie kitambaa.

Kuna mambo ambayo simu haiwezi. Homa ya 38,5, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, mkono au mguu mmoja kulegea, macho na midomo kuwa myeupe ghafla, maumivu yasiyosikia dawa: hapo usingojee jibu la kikundi, hata kama ni usiku wa manane. Nenda hospitali.

Kwa hiyo ukiwa posti ya usiku, kabla ya kutoka acha vitu vitatu mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua: karatasi ya hospitali ya mtoto, pesa ya kumfikisha huko, na namba ya jirani mwenye gari au pikipiki. Na simu ya mtoto ichajiwe mchana, umeme ukiwapo.