Simu ya mezani hujuaje lango la kwenda?

Msomaji wa Arusha anauliza: tawi lao limefungiwa malango mawili mapya ya simu za IP, lakini simu zote za mezani bado zinajisajili makao makuu, Dar es Salaam. Kiungo cha mtandao kikikatika, hata kumpigia aliye chumba cha pili haiwezekani. Nani anaziamuru ziende Dar?

Anaziamuru fundi wa mtandao, na wala hahitaji kugusa simu hata moja. Simu ikiwashwa hupewa anwani ya IP na DHCP. Katika jibu hilohilo, kwenye chaguo namba 66 (simu za Cisco hutumia 150), huelekezwa seva ya kuchukua faili la mipangilio yake, na faili ndilo hutaja jina la lango. Tawi likielekezwa kwenye faili lake, simu zake hupata jina la lango lake. Habari za VLAN na nyaya naziruka; kila mwongozo unazo, na hazina ladha.

Utamu uko kwenye jina lenyewe, kwa sababu jina moja laweza kubeba mashine kadhaa. Kwa mujibu wa RFC 3263 ya mwaka 2002, simu inayotumia itifaki ya SIP huuliza DNS, yaani orodha ya majina ya mtandao, rekodi za aina ya SRV, ambazo kanuni zake ziliwekwa na Gulbrandsen, Vixie na Esibov katika RFC 2782 ya mwaka 2000. Jibu la kutosha tawi la Arusha lingekuwa hivi, yaani kipaumbele, uzito, poti, kisha mashine:

10 30 5060 lango1
10 10 5060 lango2
20 0 5060 dar

Kipaumbele chenye namba ndogo hutangulia, hapo hakuna mjadala. Uzito ndio ulioniteka. Simu hujumlisha uzito wa kundi la kwanza, 30 kisha 40, halafu huchota namba yoyote kuanzia 0 hadi 40. Ikitoka 30 au pungufu, inakwenda lango1, ikizidi, lango2.

Ni upatu mtupu. Anayecheza majina matatu ana vikaratasi vitatu kofiani, wa jina moja ana kimoja. Hakuna aliyeahidiwa kutoka wa kwanza, ila mwenye vitatu ana nafasi kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba huku kila simu ina kofia yake, inachota peke yake, na haijui jirani amechota nini. Hakuna kijumbe wa kugawa zamu wala daftari la hesabu, na bado kati ya simu 200, kama 150 zitaangukia lango1 na 50 lango2. Lango1 likifa, simu hutoa vikaratasi vyake na kuchota kwenye vilivyobaki. Dar iko kwenye kofia ya pili, na kofia hiyo haifunuliwi mpaka ya kwanza iwe tupu. Ukitaka lango2 lipumzike kwa matengenezo, huzungukii meza za watu; unaondoa vikaratasi vyake kwenye DNS, basi.

Kujua kwamba lango limekufa ndiko kunakochukua muda. Simu inayotumia UDP hurudia ombi la usajili baada ya nusu sekunde, kisha sekunde 1, kisha 2, kisha kila sekunde 4, na hukata tamaa sekunde ya 32. Tena usajili hudumu hadi muda wake uishe, mara nyingi sekunde 3,600, kwa hiyo simu iliyotulia mezani yaweza kukaa karibu saa nzima haipokei chochote bila mtu kugundua. Mafundi wengi huushusha muda huo hadi dakika chache. Zipo simu zisizosoma SRV. Hizo hufuata orodha iliyo kwenye faili lake. Na seva ya DNS iwe Arusha, la sivyo kiungo kikikatika hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwambie fundi wenu afungue mipangilio ya DHCP ya tawi na aangalie chaguo 66 kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Kama bado linataja seva ya Dar, na faili la huko linataja lango la Dar, simu zenu hazina kosa: zinakwenda zilikotumwa.