TUMBO KUJAA MAJI SI KULISHWA SUMU: IFAHAMU HOMA YA INI AINA YA B



Mtu akikonda, macho yakawa ya njano na tumbo likajaa maji, maneno huanza pale bombani: "Amelishwa sumu." Jirani aliyempa chakula ananyoshewa kidole. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga, siku zinapita, na anafika hospitali akiwa amechelewa. Karatasi hii inakueleza sababu moja kubwa ya hali hiyo, nayo ni homa ya ini aina ya B.

Ni ugonjwa gani?

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kazi yake mojawapo ni kusafisha damu. Virusi vya homa ya ini B huingia ndani ya ini na vinaweza kukaa humo miaka 20 au 30 bila mtu kujisikia mgonjwa. Polepole ini hupata makovu, huwa gumu, na wengine hupata saratani. Kwa hiyo tumbo likijaa leo, huenda ugonjwa uliingia mwilini utotoni, kabla ya kukimbia vita, kabla hata ya kumfahamu jirani anayelaumiwa.

Si ugonjwa wa kambi wala wa kabila moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi nao.

Unaambukizwa vipi?

- Mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa.
- Kujamiiana bila kondomu na mtu mwenye virusi.
- Damu: sindano iliyokwisha tumika, wembe wa kunyolea, wembe wa tohara au wa kuchanja chale.

Virusi hivi hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kama damu imekauka. Mgonjwa anayechanjwa chale tumboni kwa wembe uliotumika kwa wengine hapati nafuu, na wembe huo unaweza kupeleka ugonjwa kwa anayefuata.

Hauambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mkono, kukumbatiana wala kukaa pamoja. Msimtenge mgonjwa. Mama mwenye virusi anaweza kunyonyesha.

Chanjo ipo

Mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi ugonjwa hubaki naye maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, wengi hupona wenyewe. Kwa hiyo wa kulindwa kwanza ni mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mama mjamzito, omba kupimwa kliniki, na muulize mkunga kuhusu chanjo hiyo kabla hujajifungua. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zina kinga ya ugonjwa huu pia. Usikose hata moja.

Tanzania ilianza kuwapa watoto wote chanjo hii mwaka 2002. Watu wazima wengi walizaliwa kabla chanjo haijafika kwao. Ukipimwa na kukutwa huna virusi, uliza kama unaweza kuchanjwa. Mtu mzima huchomwa mara tatu.

Nikikutwa na virusi nifanye nini?

Usikate tamaa. Si kila mwenye virusi anahitaji dawa, lakini kila mmoja anahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Waambie mke au mume na watoto wako nao wapimwe.

Dawa inayotumika sana ni kidonge cha tenofovir. Haiondoi virusi vyote, bali inavizuia visiendelee kuharibu ini. Dawa hiyo hutumiwa pia na watu wenye virusi vya UKIMWI. Kupewa kidonge hicho hakuna maana kwamba una UKIMWI. Usikitupe kwa kuona aibu, na usikiache bila kumwuliza daktari, kwani ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Acha pombe, hasa gongo na kanyanga. Acha dawa za mizizi zisizojulikana. Usile mahindi wala karanga zenye ukungu. Hiyo ndiyo sumu ya kweli: sumu kuvu huharibu ini.

Utafikaje kwenye matibabu?

1. Anzia kituo cha afya cha kambi. Kipimo cha kwanza ni tone la damu ya kidole.
2. Ikihitajika hospitali ya nje, mganga wa kituo ndiye anayeandika barua ya rufaa. Ulizia pia kibali cha kutoka kambini.
3. Uliza mambo matatu: nitasafiri lini, nani atanisindikiza, na dawa zikiisha nitazipata wapi?
4. Tunza karatasi zote za vipimo. Ukirudi nyumbani au ukihamishiwa nchi nyingine, toa taarifa kituoni mapema ili upewe dawa za safari na barua ya daktari.

Nenda siku hiyo hiyo ukiona macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa kuchanganyikiwa.

Ukimaliza kusoma, msomee na asiyejua kusoma. Na ukisikia bombani kwamba fulani amelishwa sumu, sema: "Kwanza tumpeleke akapimwe."