Ngome ya Stirling: Kwa nini Bruce aliibomoa baada ya kuishinda?

Kama umetazama filamu ya Braveheart ya 1995, kuna kitu hukuonyeshwa. Yale mapigano ya Stirling, Mel Gibson akiwa amejipaka rangi ya buluu usoni, yalipiganwa kwenye daraja. Cheki tena: daraja halipo kabisa! Na bila daraja, huwezi kuelewa kwa nini watu walimwaga damu miaka mingi kwa sababu ya ngome moja juu ya mwamba.

Iko hivi. Mto Forth unakaribia kuikata Uskoti vipande viwili, na enzi hizo magharibi mwa Stirling kulikuwa na vinamasi. Jeshi lenye farasi na mikokoteni lililotaka kwenda kaskazini lilipitia hapo, kwenye daraja jembamba la mbao, huku mwenye ngome akilitazama kutoka juu. Ukiwa na Stirling, una ufunguo wa nchi.

Septemba 11, 1297, William Wallace na Andrew Moray waliwaacha Waingereza waanze kuvuka, farasi wawili wawili, kisha wakawashukia jeshi likiwa nusu huku, nusu kule. Waliokuwa wamevuka hawakuwa na pa kukimbilia. Waskoti wakaitwaa ngome, wakaipoteza mwaka uliofuata, wakaitwaa tena 1299.

Kufikia 1304, Stirling ndiyo ngome pekee kubwa iliyokuwa bado inamkatalia Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Jamaa alikuja na mitambo ya kurushia mawe, akaagiza hata risasi ing'olewe kwenye mapaa ya makanisa ili iwe uzito wa kuiendeshea. Mafundi wake walikuwa wakiunda mtambo mmoja wa kutisha, ulioitwa Warwolf. Waliokuwa ndani walipochoka na kutaka kusalimu amri, Edward alikataa. Si ati alikuwa na shaka nao. Alitaka kwanza kuujaribu mtambo wake! Alikuwa hata ametengenezewa dirisha kwenye nyumba moja mjini ili malkia na mabibi zake watazame ngome ikipigwa. Wale watu wakarudi ndani kungoja mawe, na walikuwa wachache tu.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Robert Bruce, sasa mfalme wa Uskoti, alikuwa akiwapokonya Waingereza ngome moja baada ya nyingine. Ndugu yake, Edward Bruce, aliizingira Stirling, akachoka kungoja, akakubaliana na mkuu wa ngome, Philip Mowbray: jeshi la Uingereza lisipofika kabla ya Juni 24, 1314, ngome ni yenu. Robert hakufurahia hata kidogo. Kwake hiyo ilikuwa kama kumwalika adui aje na jeshi lake lote, na kweli likaja, kubwa kuliko lake kwa mbali. Hata hivyo, Juni 23 na 24, kando ya kijito cha Bannockburn, Waskoti walilishinda. Edward wa Pili alikimbilia langoni mwa ngome, naye Mowbray akamwambia asiingie, maana atanaswa humo.

Bruce akapata ngome. Halafu akaamuru ibomolewe.

Ungekuwa wewe, ungethubutu? Watu wako wamekufa kwa ajili ya kuta hizo, kisha unaziangusha. Lakini Bruce alijua nguvu yake ilikuwa kusonga haraka na kujificha, si kukaa ndani kungoja kuzingirwa na mwenye mitambo kuliko yeye. Waingereza wakirudi, wasikute pa kujibanza. Edinburgh alikuwa ameifanyia vivyo hivyo mwaka huohuo. Binafsi naona huo ndio uamuzi wa akili zaidi katika hadithi nzima, ingawa Hollywood haiwezi kuuigiza vizuri.

Ndiyo maana ukienda Stirling leo, sehemu kubwa unayoiona ni ya wafalme wa baadaye. Ukumbi mkubwa ni wa James wa Nne, kasri ni la James wa Tano. Mary, bintiye James wa Tano, alitawazwa hapo 1543 akiwa na miezi tisa.

Na wapenzi wa soka, yenu hii hapa. Mafundi walikuta mpira juu ya boriti za chumba cha malkia: kibofu cha nguruwe kilichoshonewa ngozi, cha miaka ya 1540 hivi. Unatajwa kuwa mpira wa kandanda mkongwe zaidi uliosalia duniani, na sasa uko kwenye makumbusho ya Smith mjini humo. Aliyeupiga hadi kule juu hakujitokeza kuudai.