Ramani ya maji, toka mlimani hadi ziwani



Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Watu wengi walikufa, maelfu ya familia zikapoteza nyumba. Tangu hapo swali ni moja: tujenge wapi? Kabla ya kujibu, tuchore ramani ya maji.

Ramani hii huonyesha kazi ambazo mlima, mto na ziwa vinatufanyia. Mulongwe huo uliobomoa nyumba ndio REGIDESO inakochota maji ya mji. Miti ya milima ya Mitumba hushika mvua na udongo. Ikikatwa kwa ajili ya makala, maji hushuka kwa nguvu pamoja na mawe na matope. Mto Ruzizi nao huzungusha mitambo ya umeme ya Ruzizi I na II, halafu hunywesha mpunga na ng'ombe wa uwanda. Hapo mkulima na mfugaji hugombana.

Anzeni kuchora udongoni kwa kijiti, baadaye kwenye karatasi. Akina mama watangulie, maana wanajua chemchemi zinazokauka kiangazi. Waiteni wavuvi, wafugaji na wachoma makala pia. Ndiyo, hata hao. Bila wao sehemu ya juu ya ramani itabaki tupu.

Mwisho wekeni alama pale mto ulipofika mwaka 2020, na pale ziwa lilipopanda mwaka 2024. Ndani ya alama hizo chefu asigawe kiwanja, hata kama ni karibu na soko.